Hodi Tatu kwenye Mlango wa Uani

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, Mwanarehema Mwidani alitia sahihi karatasi ya kurasa mbili iliyowaruhusu watu wa filamu kulitumia jiko lake la Likoni kwa siku sita. Sahihi yake ni jina lake la kwanza, limeandikwa kwa herufi za kuachana, kama alivyofundishwa darasa la tatu kabla ya kutolewa shule. Aliisoma karatasi yote kwanza, kidole kikifuata mstari, akafika mahali palipoandikwa kwamba vyombo vitakavyovunjika vitalipwa.

"Na visivyovunjika?" aliuliza.

"Vitabaki vyako, mama," alisema Nasreen, mwenye filamu.

"Basi liandike na hilo, mwanangu."

Likaandikwa.

Mwanarehema ana umri wa miaka hamsini na minne, mjane, mpishi wa shughuli. Kuanzia Mtongwe mpaka Shika Adabu, penye arusi au hitima patakapopikwa wali wa masufuria makubwa, yeye huitwa. Siku hizi hapiki sana, husimamia. Hukaa kwenye kigoda, mgongo kawapa wasichana wanaokuna nazi, na bila kugeuka husema: "Wewe wa pili, umefika kifuuni. Geuza." Meno ya mbuzi ya kukunia yakigusa kifuu sauti hubadilika, na nazi iliyoingiwa na magamba ya kifuu hutoa tui la rangi ya maji ya mtaro. Yeye huisikia sauti hiyo kabla ya mkunaji mwenyewe. Wasichana humwita Maikrofoni, wakidhani hajui.

Nasreen hakumfikia kwa kubahatisha. Alielekezwa na mtu, na mtu huyo ni Phoebe.

Phoebe ni fundi wa nguo katika soko la Luanda, kaunti ya Vihiga. Hadi Agosti 1997 alikuwa akiishi Likoni, nyumba ya pili kutoka kwa Mwanarehema, ua wao mmoja, pamoja na mumewe Kefa aliyekuwa kuli bandarini, na binti yao Roseline aliyekuwa na miaka minne. Wiki ile watu wa bara walipokuwa wakichomewa nyumba na kukatwa mapanga, Phoebe alimbeba mtoto akavuka feri na watu wa kanisa lake. Kefa alibaki kulinda vitu: kitanda, redio, na cherehani ya mkewe. Jumapili tarehe 17, kabla ya jua kuchwa, alipatikana amekufa kwenye kijia cha kwenda kisimani. Kijia hicho hakiendi feri wala hakiendi kituo cha polisi.

Phoebe alirudi mara moja tu, baada ya miezi mitatu. Kitanda hakikuwepo, redio haikuwepo. Cherehani ilikuwepo. Mwanarehema alikuwa ameiingiza ndani kwake Jumatatu asubuhi, akaifunika shuka, na kila wiki akaipangusa vumbi na kuitia mafuta. Phoebe aliikumbatia ile cherehani kama mtu, halafu akauliza swali lake.

"Alikuwa anaelekea wapi, dada?"

"Wallahi sijui," alisema Mwanarehema. "Siku ile sisi hatukuwepo. Tulikuwa Mtongwe kwa shangazi."

Phoebe akasema afadhali, Mungu aliwaepusha wasione.

Huo ndio ulikuwa msingi wa udugu wao kwa miaka ishirini na saba. Kila Desemba gunia la njugu na ndizi mbivu lilishuka kwenye basi kutoka Luanda. Kila baada ya Idi nazi ishirini na mkeka vilipanda basi kwenda Luanda. Walipigiana simu sikukuu zote, za huyu na za yule. Na kila mara mazungumzo yalipokuwa marefu, Phoebe alirudi pale pale. Hakuwa akimlilia Kefa. Alikuwa akimkasirikia.

"Milango imejaa pale, dada. Yote anaijua. Hakugonga hata mmoja. Mtu ana kiburi cha kutoomba, afanywe nini? Alikufa kwa sababu ya redio, yule mjinga wangu."

"Mungu amrehemu," Mwanarehema husema.

Roseline naye amekua na maneno hayo. Ana miaka thelathini na mbili sasa, mwalimu wa shule ya msingi, na Phoebe alipata kumwambia Mwanarehema kwamba msichana alikataa picha ya babake kutundikwa sebuleni. Alisema hawezi kumtazama mtu aliyeiona redio ni bora kuliko yeye.

Kwa hiyo Nasreen, mzaliwa wa Mkomani aliyesomea filamu ng'ambo, alipopiga simu Luanda kukusanya habari za mwaka ule, Phoebe alimjibu maswali kwa nusu saa, kisha akampa namba ya Likoni. "Huyo ni dada yangu. Hakuwepo siku yenyewe, lakini jiko lake ni lile lile. Na ukitaka kujua watu walikuwa wakila nini, yeye ndiye wa kuuliza."

Nasreen alitaka hasa kujua walikuwa wakila nini. Siku ya kwanza aliwakalisha uani majirani waliokuja kutazama, akawaeleza. Kamera haitatoka jikoni. Kwa dakika ishirini na mbili mtazamaji ataona mwanamke anapika chakula cha jioni, basi. Yanayotendeka nje atayasikia tu.

"Panga hata moja hamtaliona," alisema. "Wala moto, wala damu. Watu wameonyeshwa damu mpaka imekuwa kama rangi ya ukuta. Mimi nataka waone mtu anachagua mchele huku hayo yanaendelea."

"Na nani atatoa kiingilio chake kuja kutazama mtu anachagua mchele?" aliuliza Mwanarehema.

"Itakuwa bure, mama."

"Hapo umesema."

Majirani wakacheka. Wengi waliondoka na imani kwamba ni tangazo la mchele.

Jambo la kwanza kuharibika lilikuwa mwigizaji. Zuleikha, aliyekuja kuigiza mwenye jiko, alikuwa na sura nzuri na kucha ndefu za kubandika. Alikaa kwenye mbuzi upande upande, kama anayepanda pikipiki kwa mara ya kwanza, akashika kifuu kwa vidole viwili.

"Hiyo nazi haiumi, mwanangu," alisema Mwanarehema. "Ishike."

"Naogopa meno, mama."

"Meno yake? Umeolewa wewe?"

"Bado."

"Basi kuna mengi ya kukuogopesha huko mbele."

Zuleikha alicheka mpaka akashuka. Lakini nazi haikukunwa. Mchana, Nasreen akaamua: uso utakuwa wa Zuleikha, mikono na mgongo vitakuwa vya Mwanarehema. Tena kwa kuwa kamera itakaa nyuma, karibu na jiko la makaa, uso utaonekana mara mbili tu. Hivyo ndivyo Mwanarehema alivyojikuta amevaa leso ya mtindo wa zamani, amekaa kwenye mbuzi yake mwenyewe, jikoni mwake mwenyewe, akiigiza mwanamke aliyekuwepo.

Mtu wa sauti alikuwa Jacktone, kijana mwenye mwili mkubwa aliyelelewa Changamwe na wazazi waliotoka Siaya. Walipatana mara moja. Alipenda kazi yake kwa namna Mwanarehema alivyopenda yake. Alimvalisha vipokea sauti vyake, akamsikilizisha mchele ukimwagwa kwenye ungo, kifumbu cha tui kikikamuliwa, kaa likipasuka. Mwanarehema alifumba macho.

"Huu mchele una mawe," alisema.

"Mathe, umeyasikiaje?"

"We huyasikii?"

Jacktone aliwaambia wenzake kwamba mama akitaka kazi Nairobi yeye atampeleka kesho.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya mlango. Katika maandishi ya Nasreen, yaliyotokana na simulizi za watu kadhaa, jirani wa bara anakuja mlango wa uani, anaupiga kwa ngumi, analia, anaomba afunguliwe. Mwanamke haachi kazi yake. Chozi linadondoka kwenye nazi. Jacktone alikuwa ndiye atakayetoa sauti ya jirani, kwa kuwa mwigizaji aliyetarajiwa alikwama Jomvu Kuu na homa. Alitoka nje, akafunga mlango. Mwanarehema akaanza kukuna. Nasreen akainua mkono.

Mlango ulitikisika. "Fungueni! Mama, nakuomba, fungua! Wanakuja! Fungua!"

"Siyo hivyo," alisema Mwanarehema.

Alilisema bila kugeuka, kwa sauti ile ile ya kuwaambia wasichana wageuze kifuu.

Nasreen alishusha mkono. "Siyo vipi, mama?"

"Hakuupiga kwa ngumi. Ni kiganja. Polepole. Na hakulia." Mikono yake ilikuwa bado inakwenda. "Alisema hodi. Akangoja. Akasema hodi. Akangoja. Ya tatu alipoona kimya akaenda zake."

Jacktone alikuwa amefungua mlango, akasimama kizingitini na kamba ya maikrofoni mkononi.

"Nani huyo, mama?" aliuliza Nasreen.

Hapo ndipo Mwanarehema alipoacha kukuna.

Yaliyotokea Jumapili ile ni haya. Mumewe Anwar, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ametoka kwenda kuswali alasiri. Mama mkwe alikuwa amelala chumba cha mbele. Watoto walikuwa Mtongwe kwa shangazi, na uongo wake ulikatwa kwenye kitambaa hicho. Uchochoroni kulikuwa kumepita maneno kwamba atakayemficha mtu wa bara atafanywa kama huyo aliyemficha. Yeye alikuwa kwenye mbuzi, nazi ya pili. Akasikia kiganja.

Mlango wa uani haukuwa na komeo. Ulikuwa na kitanzi cha kamba juu ya msumari. Kuku mkubwa angeweza kuusukuma. Kefa aliujua mlango huo. Lakini miaka mitano kabla ya hapo, alipokuwa mgeni Likoni na akiingia ua wa watu kama anavyoingia ghala la bandarini, alimkuta Mwanarehema kichwa wazi, naye akamfukuza kwa mwiko, akampa na somo. Hapa hodi ni tatu, alimwambia. Ya kwanza mtu asikie, ya pili ajisitiri, ya tatu akukaribishe. Ikipita ya tatu kimya, rudi ulikotoka, hata kama unamwona amekaa. Kefa alilipenda somo lile kuliko lilivyostahili. Tangu siku hiyo alipiga hodi tatu kwa kila mtu, hata mlangoni kwake mwenyewe, huku Phoebe akimcheka kutoka ndani.

Jumapili ile alipiga tatu. Kati ya moja na nyingine alingoja kwa adabu yake yote. Na Mwanarehema hakuacha kukuna, kwa sababu angeacha, Kefa angejua kwamba amesikia. Hilo ndilo alilolifikiria wakati ule, na aliliona lina akili. Baadaye, alipokuwa akikamua tui, ndipo alipoelewa kwamba mtu aliye nje husikia mbuzi vizuri sana, na kwamba Kefa alijua wakati wote kuwa yumo ndani. Nyayo zake ziligeukia upande wa kisima.

Hakuna aliyemkataza kufungua. Miaka yote hiyo amejaribu kumtafuta wa kumkataza ndani ya kumbukumbu yake, lakini jikoni alikuwa peke yake. Wali wa siku hiyo ulitoka vizuri, punje na punje. Anwar alisema umepungua chumvi.

Nasreen hakumuuliza mengi. Aliuliza alikuwa amekaa wapi, akajibiwa pale pale. Aliuliza mbuzi ilielekea wapi, akajibiwa mlango ulikuwa mgongoni. Akainama, akafuta mstari wa chozi kwenye maandishi yake, akaandika kitu kifupi. Halafu akasema, kwa upole wa daktari wa meno, "Tunaweza kufanya hivyo, mama? Kama ulivyosema?"

"Fanya."

Walifanya mara saba. Ya kwanza iliharibiwa na honi ya feri. Ya pili Jacktone alisema hodi haraka mno. Ya tatu mwadhini alianza. Ya nne ilikuwa nzuri lakini Nasreen alitaka nyingine. Kila mara kiganja kikagusa ubao, sauti ya mtu wa bara ikasema hodi, na Mwanarehema akakuna. Kwenye ya tano alijikuta anawaza kama chumvi iliyobaki inatosha. Kwenye ya saba alikuwa amemaliza nazi yote na anakuna karibu na kifuu, naye akageuza, kama inavyotakiwa.

"Imekubali," alisema Nasreen. "Ahsanteni. Tule."

Walikula uani. Jacktone alikula kidogo. Alipokuja kumvua Mwanarehema kidude cha sauti kilichobanwa kwenye leso, aliongea chini.

"Mathe, huyo mama wa Luanda ataijua hiyo hodi?"

"Alikuwa akimcheka kwa ajili yake kila jioni."

"Basi ataijua."

"Naam."

Jioni hiyo Mwanarehema alimwomba Nasreen aondoe mlango. Abakishe mchele, kifumbu, makaa, mgongo, aondoe mlango. Nasreen alikaa naye kwenye mkeka, akamshika mkono. Alisema anaweza kuandika mwishoni kwamba ni hadithi ya kubuni. Anaweza kubadilisha majina, na kwa kweli majina hayamo. Mlango hauwezi kutoka.

"Bila huo, mama, ni mtu anapika tu."

"Si ndivyo ulivyotaka? Mtu anapika?"

"Ndivyo nilivyotaka," alisema Nasreen. "Sikujua ni nani."

Karatasi ya Januari 14 haikusema lolote kuhusu kuondoa. Mwanarehema aliisoma tena, kidole kikifuata mstari.

Miezi sita ilipita. Alipika arusi nne na hitima mbili. Wasichana waliona kwamba hawasahihishi tena; aliwaacha wakune mpaka kifuuni, na kwenye hitima moja ya Mtongwe tui lilitoka jeusi, watu wakasema Mama Maikrofoni amezeeka. Mwezi wa saba Phoebe alipiga simu akiwa na furaha. Amealikwa kwenye maonyesho ya filamu, yeye na Roseline, na nauli ya kwenda na kurudi watalipiwa. Ni mara ya kwanza kukanyaga Likoni tangu achukue cherehani.

"Tutalala kwako, dada. Sitaki hoteli. Unipikie wali wako, na huyu msichana aonje, maana hula ugali mpaka anafanana nao. Tukitoka hapo unipeleke hicho kijia. Nataka nimwambie yule mjinga neno moja."

"Inshallah," alisema Mwanarehema.

Alikaa siku tatu. Ya nne, saa nne asubuhi, alimaliza kuosha vyombo, akafunga mlango wa mbele, akakaa jikoni na kupiga Luanda. Phoebe alipokea akiwa kazini. Nyuma yake cherehani ilikuwa ikienda.

"Dada, mbona asubuhi? Kuna msiba?"

"Hakuna. Nataka kukuambia jambo, na usinikatize."

"Sema, nina suruali ya mtu hapa."

"Jumapili ile sikuwa Mtongwe. Nilikuwa nyumbani."

Cherehani iliendelea kidogo, kisha ikasimama.

"Kefa alikuja mlango wa uani," alisema Mwanarehema. "Alipiga hodi."

Mwanarehema aliitazama simu kama imekatika.

"Ngapi?" aliuliza Phoebe.

"Tatu."

"Kwa kiganja."

"Kwa kiganja."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nakuna nazi."

"Ukaacha?"

"Sikuacha."

Sauti ya Phoebe ilikuwa kavu, ya fundi anayeuliza kipimo. "Kwa hiyo alikuja kuomba. Alikuja kwa mtu."

"Alikuja kwangu."

"Miaka ishirini na saba namwita mjinga, wewe unasikia. Unasema Mungu amrehemu."

"Ndiyo."

"Nimemlea mtoto nikimwambia babako alichagua redio."

Mwanarehema alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, lakini kila alipoyafikia aliyaona ni madogo, akayaacha. Mwishowe alisema, "Nimekuambia mimi kabla hujaisikia hodi hiyo ukumbini, kwenye filamu."

"Umeniambia kwa sababu ningeisikia ukumbini," alisema Phoebe. "Cherehani yangu uliitia mafuta."

"Ndiyo."

"Ningependa ungeiacha iibiwe."

Akakata. Mwanarehema alibaki na simu mkononi mpaka ikazima taa. Hakupigiwa tena. Wiki mbili baadaye, Jacktone, ambaye ndiye anayepanga safari za wageni, alimwambia kwamba mama wa Luanda amethibitisha, yeye na binti yake, ila ameomba kutafutiwa mahali pengine pa kulala. Alimwambia pia kwamba binti ndiye aliyepiga simu, na kwamba aliuliza kama ile sauti ya mlangoni inaweza kusikilizwa peke yake, kabla ya filamu. Jacktone alimwambia inaweza.

Filamu itaonyeshwa Jumamosi, tarehe 30 Agosti 2025, saa kumi jioni, katika ukumbi wa shule moja Likoni. Basi la Phoebe na Roseline litafika siku moja kabla. Watalala nyumba ya wageni ya kanisa, upande wa pili wa feri. Mwanarehema amewekewa kiti mstari wa pili, na atakwenda.